Picha Nzuri Haiji kwa Bahati: Kutoka Chumba cha Giza cha Basra Hadi Uwanda wa Kisaju



Natumai mwezi mtukufu umekukuta ukiwa na afya, na futari yako haikosi angalau tende na kikombe cha uji. Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo karibu sote tunalifanya kila siku bila hata kulifikiria: kupiga picha. Najua utasema, "Sasa hayo ni mambo ya Ramadhan kweli?" Nisubiri kidogo. Nina deni, na deni lazima lielezwe kabla ya kulipwa.

Miaka michache nyuma, asubuhi ya Idd, tulikuwa tumemaliza kuswali uwanjani hapa Kisaju, kando ya barabara ya Namanga. Mtu akanipa simu yake akaniambia, "Wewe kijana, tupige picha." Katikati ya jamaa alisimama mzee wetu mmoja, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Mtu yeyote aliyewahi kufuturu kwenye ule msikiti wetu wa mabati anamjua kwa uji wake wa pilipili manga. Nikainua simu, nikabonyeza mara moja, nikairudisha kwa mwenyewe bila kuitazama. Akili yangu ilikuwa kwenye pilau.

Miezi saba baadaye mzee akarudi kwa Mola wake. Familia ikatafuta picha yake ya miaka ya mwisho, na kumbe ilikuwa ni ile moja tu. Tukaifungua. Nusu nzima ilikuwa mbingu tupu. Watu wamebanwa chini kama dagaa kwenye fungu. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hivyo uso wa mzee ulikuwa kivuli cheusi. Na juu ya kofia yake, wallahi, ulikuwa umeota mlingoti wa stima. Binti yake aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Si kitu. Sisi tunamjua ni yeye."

Sisi tunamjua. Lakini wajukuu waliozaliwa baada yake watamjuaje?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza: kwani picha nzuri hupigwaje? Nilidhani nitapata orodha ya amri. Badala yake nikakuta historia, tena historia ambayo sisi Waislamu na sisi watu wa Afrika Mashariki tumo ndani yake tangu mwanzo. Kila kanuni ya kupanga picha ina mtu aliyeihangaikia. Twende nayo hatua kwa hatua.

MWANGA KWANZA: CHUMBA CHA GIZA

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965, akafariki Cairo karibu mwaka 1040. Kabla yake, wakubwa wa Kigiriki kama Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miali yake na kuirusha kwenye vitu, ndipo tukaona. Ibn al-Haytham alikataa. Katika Kitab al-Manazir, kitabu cha mijaladi saba alichokiandika kati ya mwaka 1011 na 1021, alionyesha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu ukaja jichoni.

Hakusema tu, alijaribu. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza. Ndani, ukutani, kila taa ilikuwa na doa lake la mwanga. Akiziba taa moja, doa la taa ile tu ndilo linapotea, mengine yanabaki. Maana yake ni kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na miali inaweza kupita kwenye tundu moja bila kuchanganyikana. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na wasomi wa Ulaya wakakitegemea.

Hapa nirekebishe jambo moja. Utasikia ikisemwa vibarazani kwamba neno "kamera" limetoka kwenye neno la Kiarabu "qamara". Ni maneno matamu, lakini si kweli. Kamera ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba, na chombo chenyewe kiliitwa hivyo kwa sababu kilianza kama chumba cha giza. Heshima ya Ibn al-Haytham haihitaji kuongezewa chumvi. Kazi yake yatosha.

Chumba cha giza kiliweza kuonyesha picha ukutani, lakini hakikuweza kuishika. Mfaransa Nicéphore Niépce ndiye aliyefanikiwa kuihifadhi, karibu mwaka 1826 au 1827, kwa kuacha chombo chake dirishani kwa saa nyingi. Louis Daguerre akafupisha kazi hiyo, na siri yake ikatangazwa Paris tarehe 19 Agosti 1839. Novemba ya mwaka huo huo, Wafaransa walikuwa tayari wako Alexandria, Misri, wakipiga picha.

Funzo la kwanza, basi, ni hili: huna picha kama huna mwanga. Kabla ya kuuliza nani asimame wapi, uliza jua liko wapi. Likiwa nyuma ya mtu, uso unakuwa giza. Likiwa juu ya utosi, macho yanakuwa mashimo. Likiwa ubavuni na chini, uso unapata umbo, na hata nyasi za uwanda wetu zinakuwa dhahabu.

Na sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tuna tatizo letu. Huku jua halizungukizunguki, linapanda wima, takriban digrii 15 kila saa. Ule mwanga laini wa asubuhi hautusubiri. Saa mbili na nusu jua bado liko pembeni, lakini ikifika saa tano limeshakuwa kali. Kosa langu la Idd halikuwa saa, saa ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kwamba sikuwaambia watu wageuke. Hatua kumi tu kuzunguka upande wa pili, na uso wa mzee ungewaka.

MAHALI PA KUSIMAMA: SADIQ BEY

Tukienda mbele, tunakutana na Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi la Misri na mpimaji wa ardhi. Mwaka 1861 alipelekwa Hijazi kupima njia, akabeba kamera. Picha alizopiga Madina mwaka huo ndizo za kwanza kujulikana za mji wa Mtume (s.a.w.). Mwaka 1880 akarudi na msafara wa mahujaji, akapiga picha za kwanza kujulikana za Makka. Mwaka uliofuata zikampatia medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya kijiografia ya Venice.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Siku zile hakukuwa na filamu ya kuviringisha. Mpiga picha alitumia kioo alichokipaka dawa, akakitia ndani ya kamera kikiwa bado kimelowa, akapiga, akakimbilia kwenye hema la giza kukisafisha kabla hakijakauka. Yote hayo kwenye joto la Hijazi. Kila picha ilikuwa jasho na gharama. Mtu wa namna hiyo habonyezi ovyo.

Sadiq Bey alijua pa kusimama. Alikuwa mpimaji, na mpimaji hutafuta mahali pa juu. Alipanda juu akapiga Haram na mji ulioizunguka, kisha akaunganisha picha kadhaa kupata mandhari moja pana. Matokeo yake, anayetazama leo haoni jengo peke yake. Anaona jinsi nyumba zilivyolizunguka na jinsi milima ilivyozizunguka nyumba. Majengo mengi aliyoyaona hayapo tena, na picha zake ni miongoni mwa ushahidi tulio nao.

Funzo la pili: miguu yako ni sehemu ya kamera. Wengi wetu tunapiga picha kutoka pale pale tuliposimama wakati wazo lilipotujia. Panda kwenye tangi la maji, ikiwa ni salama. Piga magoti ukipiga mtoto, lenzi iwe usawa wa macho yake, usimpige kama ndege anayetazama chini. Zunguka. Ndugu yangu, picha nzuri mara nyingi iko mita tatu tu kutoka pale ulipo.

NYUMA YA MTU: STUDIO ZA PWANI

Pwani yetu haikuchelewa. Katika karne ya 19, Wagoa walikuwa wameshafungua studio Unguja, na jina la A. C. Gomes linaonekana kwenye picha nyingi za zamani za kisiwa hicho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio huko huko Unguja. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako watu walikwenda wakiwa wamevaa nguo zao bora, wengine wakiwa maarusi, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe.

Ukiwa na bibi au nyanya wa pwani, bila shaka umeona picha za namna hii. Mtu ameketi kwenye kiti, mkono mmoja pajani, saa ya mkononi inaonekana vizuri, nyuma kuna pazia lililochorwa bustani au ngazi. Sisi watoto wa simu tunacheka. Tungenyamaza tukaangalia, tungeona kwamba hakuna kitu ndani ya picha ile kilichoingia kwa bahati mbaya. Parekh alipanga taa na mikao kwa uangalifu kama mtu anayetengeneza filamu ya Kihindi. Bakor alikata picha na kuzibandika upya, akamtia mtu katika mandhari ambayo hakuwahi kufika. Pazia lilikuwa na kazi: lilizuia takataka za dunia zisiingie kwenye picha ya mtu.

Hesabu nayo iliwafundisha. Rola ya filamu ilikuwa na picha 12 au 36 hivi, kulingana na aina. Ukimaliza umemaliza. Leo simu inabeba maelfu, na tunapiga arubaini za sahani moja ya sambusa.

Funzo la tatu: kabla ya kubonyeza, mwache mtu, tazama nyuma yake. Kuna mlingoti? Ndoo? Kamba ya nguo? Mtu mwingine anayejikuna? Sogea hatua moja kulia au kushoto, na mlingoti unaondoka kichwani mwa mzee. Mimi hatua hiyo moja sikuipiga.

THELUTHI: KANUNI INAYOSEMWA SANA

Sasa tufike kwenye ile kanuni ambayo kila anayefundisha upigaji picha huanza nayo: kanuni ya theluthi. Watu hudhani ilitoka kwa watu wa kamera. Hapana, ni ya zamani kuliko kamera. Mchoraji Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 katika kitabu cha michoro ya mashambani, zaidi ya miaka 40 kabla ya tangazo la Daguerre. Alikuwa akieleza jinsi ya kugawanya mandhari: usiikate nusu kwa nusu, bali upande mmoja uchukue theluthi mbili na wa pili theluthi moja. Mfano wake mmoja ulikuwa mbingu na ardhi.

Theluthi si neno geni kwetu. Tunalijua kwenye wasia, na hata mwezi huu tunauhesabu kwa makumi matatu. Basi fanya hivi: gawanya picha yako kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, upate vyumba tisa. Simu nyingi zina gridi hiyo, iwashe kwenye mipangilio ya kamera. Kitu muhimu kiweke kwenye mstari au pale mistari inapokutana, usikitupe katikati kila mara.

Uwanda wetu wa Kisaju ndio darasa lenyewe. Simama nje ya mji ukitazama kule viliko vilima vya Ngong. Upeo wa macho ni mrefu na ulionyooka. Kama mawingu ndiyo yana habari, mvua inakuja, basi ipe mbingu theluthi mbili. Kama ng'ombe ndio habari, na vumbi lao, ipe ardhi theluthi mbili. Mimi niliipa mbingu nusu nzima siku ambayo mbingu haikuwa na la kusema.

Mwaka 1925 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilianza kuuza kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack. Fremu yake ilikuwa milimita 24 kwa 36. Ghafla mpiga picha aliweza kukimbia na kamera mkononi, na watu wanaotembea wakawa somo jipya. Picha moja ya Mhungaria Martin Munkácsi, ya karibu mwaka 1930, inaonyesha wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia majini, na imejulikana sana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyekuja kuwa bingwa wa picha za barabarani, alisema miaka mingi baadaye kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwasha moto. Itazame ukiipata. Wavulana wanakimbilia ndani ya picha, na mbele yao wana maji ya kukimbilia.

Hilo ni funzo la nne na nyongeza yake: kitu kinachotembea kiachie nafasi mbele. Boda boda ikielekea Isinya, iachie barabara upande wa Isinya. Ukiibana puani, inaonekana kama itagonga ukingo wa picha. Na barabara yenyewe ni mstari, inavuta jicho la mtazamaji ndani. Ua wa michongoma ni mstari. Safu za swala ni mistari. Tumia.

Lakini usiwe mtumwa wa theluthi. Kuna vitu vinavyodai katikati. Mihrabu ukiisogeza pembeni unaiharibia usawa wake. Mlango wa nakshi wa Lamu umechongwa kulia sawa na kushoto, uache uwe hivyo. Kanuni ni fimbo ya kutembelea, si pingu.

SOGEA, LAKINI KWA ADABU: MOHAMED AMIN

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipokaa sana.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Alianza na Box Brownie, kikamera cha kisanduku. Brownie ya kwanza ya Kodak ilitoka mwaka 1900 kwa bei ya dola moja, kamera ya watu wa kawaida. Haikuwa na makeke yoyote. Huwezi kuvuta karibu, inabidi usogee mwenyewe.

Mwaka 1963, akiwa bado hajafika hata miaka 21, alianzisha kampuni ya Camerapix huko Dar es Salaam. Mwaka uliofuata akapiga mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alifungwa kisiwani huko karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi yake. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Amin alifika na kamera yake. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha picha za Hijja, miaka 98 baada ya Sadiq Bey kupiga Makka. Mwaka 1987, pamoja na Duncan Willetts na John Eames, alitoa kitabu cha majirani zetu hapa Kajiado chenye jina lenye maana ya "Wamasai wa Mwisho". Jina lilikosea, maana wapo, na baadhi yao wana simu nzuri kuliko yangu.

Lakini jina lake lilienea duniani kwa ajili ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Alikwenda na Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao ilirushwa tarehe 23 Oktoba, ikaonyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Kutokana nayo zilikuja harambee za wanamuziki, na tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985.

Kwani njaa ilikuwa haijulikani? Ilikuwa inajulikana, ripoti zilikuwepo. Kilichobadilika ni watu kuiona. Taarifa inaanza alfajiri, mwanga wa chini ukipita uwandani juu ya maelfu ya watu waliojifunika shuka. Kwanza unaona wingi wao. Kisha kamera inasogea, na wingi unakuwa mama mmoja, mtoto mmoja, uso mmoja. Huwezi tena kusema "wale watu". Hayo yote ni mpangilio wa picha: mbali kwanza ili ujue mahali, karibu baadaye ili ujue mtu. Kanuni zile zile za mwanga na mahali pa kusimama, safari hii zikiwa mikononi mwa mtu aliyezitumia kuita msaada.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na kumuua mwenzake wa sauti, John Mathai. Amin akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa kwenye ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, naye akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53. Mungu amrehemu.

Watu wameuliza baadaye, na wana haki ya kuuliza: je, picha za njaa hazikuiacha dunia ikimwona Mwafrika kama mkono ulionyooshwa tu? Swali hilo lilinifika mwenyewe wakati wa ukame wa 2022. Ng'ombe walikufa Kajiado nzima, na mifupa ilikuwa kando ya barabara. Nilimwona kijana akimsogelea mzee wa Kimasai aliyekaa karibu na mzoga wa ng'ombe wake, akapiga picha kutoka juu, akapanda pikipiki akaenda. Hakumsalimia hata. Picha ilikuwa kali, lakini ndani yake mzee alikuwa kitu, sawa na mzoga.

Funzo la tano: sogea, picha nyingi zetu zina kasoro ya kuwa mbali. Ila hatua ya kwanza ya kusogea ni salamu. Muulize mtu. Akikataa, amekataa. Akina mama wana haki zaidi ya kuulizwa, na mtu aliye kwenye sijda mwache na Mola wake. Kuhusu hukumu ya picha zenyewe, maulamaa wamezungumza na wametofautiana, nami si mufti. Muulize sheikh wako. Ninalojua ni kwamba ukishaamua kupiga, umebeba amana ya sura ya mtu.

NGOZI YETU, FILAMU YAO

Kuna jambo moja ambalo mwalimu wa picha huenda asikuambie. Kwa miaka mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Kama yeye alitoka vizuri, basi filamu ni nzuri. Sisi tukitoka weusi tii, macho na meno tu, tukadhani ni sura zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jean-Luc Godard, akifanya kazi Msumbiji, alikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Na kilichochangia mabadiliko, inasikitisha kusema, ni malalamiko ya wauza chokoleti na samani za mbao, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutoka sawasawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Simu za leo ni bora, lakini bado zinadanganyika. Kamera inapima mwanga kwa wastani. Ikiona kanzu nyeupe tele inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zinazama. Ikiona mabuibui meusi tele inafanya kinyume, inazidisha. Dawa yake ni rahisi: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Unaiambia kamera, "Pima hapa." Hilo ndilo funzo la sita.

SASA NI ZAMU YAKO

Idd iko njiani inshaallah. Kwa muhtasari, usije ukasahau kwenye msongamano:

1. Tafuta jua liko wapi, wageuze watu. Piga mara tu baada ya swala, usingoje mpaka pilau iishe.
2. Songa, panda, piga magoti.
3. Tazama nyuma ya kichwa cha mtu.
4. Washa gridi. Macho yawe karibu na mstari wa juu, upeo wa macho usilale upande.
5. Salimia, kisha sogea.
6. Gusa uso kwenye kioo.
7. Itazame picha kabla hujairudisha simu. Watu bado wapo, unaweza kurudia.

Na usipige watu tu. Mimi nikiwa mdogo, kati ya Kitengela na Kisaju ungeweza kuona pundamilia kutoka dirishani mwa matatu. Uwanda huu ndio njia ya wanyama wanaotoka mbuga ya Nairobi kutafuta malisho kusini. Mwaka 2000 ulianza hata mpango wa kuwalipa wenye mashamba ili wasiweke ua. Leo ploti zimepimwa, kuta zimepanda, na mtoto anayezaliwa mwaka huu atahitaji picha ili aamini. Madina ya mwaka 1861 ipo kwa sababu mtu mmoja alipanda juu na kioo kilicholowa. Kisaju ya leo nani ataipandia?

Alfajiri moja ya mwezi huu, ukishakula daku na kuswali, usirudi kulala. Toka nje dakika ishirini tu. Jua likichomoza, nyasi zitawaka, na siku ikiwa safi sana huenda ukaona Kilimanjaro kusini. Jioni mwanga unarudi tena kabla ya Magharibi, ingawa nakubali, saa ile macho ya mfungaji yako kwenye tende.

Mwaka jana nilirudi kwa binti wa marehemu mzee wetu. Mama yake bado yuko, mjane, anakaa kizingitini kila asubuhi akichambua maharagwe. Nilimsalimia, nikaketi, tukaongea mpaka chai ikapoa. Kisha nikamuuliza kama angeniruhusu. Akajifunga ushungi vizuri, akacheka, akaniambia nisimfanye mzee. Nikaingia ndani kidogo ili mlango uwe fremu. Mwanga ulikuwa wa ubavuni. Nikagusa uso wake kwenye kioo, nikapiga tatu, nikamwonyesha.

Akaitazama ya pili kwa muda mrefu. "Hii," akasema. "Hii wape wajukuu."

Deni la mzee sitaweza kulilipa, lakini hili la pili nimelilipa mapema. Wewe nawe, Idd hii, tazama ni nani kwenye familia yako hana picha. Usingoje hitma.

Ramadhan Karim, na Mwenyezi Mungu atufikishe Idd kwa salama. Wabillahi tawfiq.